Fasi ya chini ya kitanda ni ya nani?

Mutu akiingia mu chumba yetu mara ya kwanza anaangalia chini, anaangalia vitanda ginsi ziko juu juu, kisha anauliza: "Sasa nyinyi munalalaka wapi?" Tunalala, msiogope. Ni mimi na mudogo wangu wa kike, mimi niko inive (chuo kikuu), yeye iko sekondari bado, chumba iko metre 3 kwa metre 3,20, nyumba ya mbao ya hapa Kadutu mu Bukavu, chini sima, juu manjanja (mabati), dirisha moja. Na sungura wawili. Hiyo hesabu ndiyo nataka kuwaelezea leo, juu watu wananiulizaka sana ginsi tulifanya na nimechoka kujibu mumoja mumoja mu WhatsApp.

Niliwanunua soko ya Kadutu mwaka jana wakati wa vakansi kubwa, na ukweli ni kwamba haikuwa juu ya mapenzi. Hapa Bukavu sungura ni nyama, mimba yake siku 31 hivi na anazaa wengi, mutu anafuga analipa minervali, pesa ya masomo ya batoto, basi na mimi nikajiona mufugaji. Mama alikubali waingie mu nyumba juu alihesabu Noeli watakuwa mu sufuria. Inje hatuna fasi, mbele ya mulango ni njia ya watu, nyuma ni mutelemuko, na kitu ukiiacha inje usiku asubuhi unakuta kamba tu. Ndiyo maana walilala kwetu. Sasa mudogo akawapa majina, mweupe Bugali, mweusi Sombe, kama mboga ya majani ya muhogo. Mama alisema palepale nyama haipewake jina, lakini alikuwa amechelewa.

Sanduku ya kwanza ilikuwa ya mbao na griyaji (wavu wa waya), santimetre 80 kwa 50, hata chini griyaji ili mavi yaanguke. Kwa mufugaji wa nyama ile iko sawa, sungura anakaa miezi mitatu minne kisha anaenda. Wa kwetu walikaa na mimi nikaanza kuona vitu. Sombe usiku muzima anakula mbao, krr krr krr, mudogo anafunika kichwa na matela. Bugali anakaa ku kona moja kama mutu anangojea basi. Siku moja nikamugeuza, nikaona chini ya miguu ya nyuma manyoya yameisha, ngozi iko nyekundu. Sungura hana ile ngozi nene ya chini ya muguu kama ya mbwa ao ya pusi, iko na manyoya tu, ukimuweka juu ya waya kila siku anapata kidonda. Nikaona haya, kweli.

Siku hiyo tuliwatoa chini juu nilitaka kusafisha. Bugali akakaa kwanza, akanusa sima, kisha akapiga mbio kutoka mulango mpaka ukuta, akarudi, akaenda tena, na katikati ya mbio akaruka juu akajipindua hewani, kichwa huku, miguu kule. Mudogo alicheka mpaka machozi. Mimi sikuelewa, nikafikiri ana ugonjwa, nikaenda kutafuta mu intaneti, kumbe ni furaha. Sungura akiwa na fasi na hana woga anarukaka hivyo. Mu ile sanduku tulikaa nao wiki sita na hatukuiona hata siku moja, na haiwezekani kuiona, atarukia wapi?

Bon, sasa hesabu. Kule Uingereza kuko shirika ya sungura inaitwa Rabbit Welfare Association & Fund, wao wanasema sungura wawili wanahitaji metre 3 kwa 2, na urefu wa juu metre 1, na hiyo fasi iwe yao saa zote, siyo saa moja ya matembezi kisha kurudi kufungwa. Metre kare 6! Nilicheka peke yangu. Chumba yetu yote ni 9,60. Maana yake sungura wachukue chumba, mimi na mudogo tukalale ku barabara. Nikafunga telefoni.

Lakini usiku nikiwa nimelala nikaanza kufikiri vile: kitanda moja ni metre 1,90 kwa 0,90, ziko mbili, moja ku kila ukuta. Chini yake kuko nini? Valizi, viatu vya zamani, bidoni tupu, pusieri. Vitanda mbili ni karibu metre kare 3,40 ya sima ambayo hakuna mutu anaikanyaga. Katikati kunabaki njia ya metre 1,20 kwa 3,20, ni 3,80 na kitu. Ukijumlisha iko zaidi ya 7. Kumbe fasi ilikuwako, ni sisi tulikuwa tumelala juu yake! Ukitafuta fasi ya sungura usiangalie sanduku za juu kwa juu ama kabati ya etaji tatu, angalia chini, sungura anaishi chini, anapiga mbio chini, na chini ya kitu chenye giza ndiyo anajisikia nyumbani juu ukoo wake ni wa mashimo.

Shida, kitanda zetu zilikuwa chini sana, santimetre 22. Nikaenda kutafuta matofali, mbili mbili kwa kila muguu wa kitanda, tukapanda mpaka 43 hivi. Na hapo nilifanya ujinga ambao naomba usirudilie. Usiku wa tatu mudogo aligeuka, anageukaka kama samaki mu karai, tofali moja ikateleza na kona ya kitanda ikaanguka chini boum. Mama akaamka, Papa akaamka, jirani akapiga ukuta, mudogo analia, na mimi niko chini na tochi natafuta sungura nikijua nitakuta mumoja amepondwa. Walikuwa wote wawili chini ya kitanda yangu, Sombe anapiga muguu wa nyuma ku sima, tap, tap, ile ni ginsi wanaonyana kama kuko hatari. Alipiga mpaka karibu asubuhi. Kesho yake nikaita fundi mbao, akakata miguu mirefu akaifunga na bulon. Tofali hapana. Sikia vizuri, tofali HAPANA.

Sasa mudogo. Hapa ndipo watu wengi wanakosea na mimi nilikosea wa kwanza. Nilikuwa nimepanga kila kitu mu kichwa yangu, nikapima, nikaita fundi, na yule mutu mwenye nusu ya chumba sikumuuliza. Akanuna siku mbili kisha akasema: "Yaya, weye uligabula chini ya kitanda yangu kama vile ni parsele ya baba yako peke yako." Alikuwa na haki. Tukakaa tukaongea vizuri, na alileta masharti yake. Moja, mukojo usinuke, ukinuka mara moja wanarudi mu sanduku. Mbili, saa za masomo yake meza isiguswe. Tatu, valizi yake ipate fasi ya heshima. Valizi tulizipandisha juu ya kabati. Meza ikaenda ku kona ya dirisha na nikaweka kipande ya griyaji mbele, santimetre 80 ya urefu, juu kule njo kuko waya zote za kushargia. Sungura na waya, aii, shargeri yangu mbili zilikwisha kuenda, wanakata safi kama makasi, na kama kuran ya umeme ingekuwako ule wakati labda ningezika mutu. Meno yao hayaachake kukua maisha yote, lazima atafune kitu, basi umupe majani makavu na kijiti, la sivyo atakula yako.

Kuhusu harufu ndiyo nilifanya kazi zaidi, na siyo juu ya mudogo tu, hewa ya mukojo inachoma mapafu ya sungura kuliko hata pua yetu. Bahati nzuri sungura anapenda kukojoa fasi moja, mara nyingi kona, wewe ufuate kona aliyochagua, usimuchagulie. Bugali alichagua chini ya kitanda ya mudogo, ku kichwa! Niliweka besani pana pale, gazeti chini, juu yake majani makavu, na wanakaa mu besani wanakula huku wanafanya yao, ndiyo tabia yao. Nabadilisha kila asubuhi. Nilijaribu unga wa mbao kutoka kwa fundi, vumbi ikatufanya wote wanne tupige chafya, nikaacha. Mavi yenyewe ni makavu, mia na mia kwa siku, unafagia tu, mama mumoja wa pembeni anakuja kuyaomba juu ya mboga zake za lenga-lenga.

Juu ya sima tumetandika magunia, sima peke yake inateleza, hawakimbii vizuri. Wanayakula, ndiyo. Nabadilisha.

Kuko na habari ya Sombe pia. Muuzaji aliniapia ni wanawake wote wawili, alipofika miezi minne Sombe akaanza kumuzunguka Bugali na kunyunyiza mukojo ku ukuta, ku gunia, mara moja ku uniforme ya mudogo siku ya egzame. Mwanaume! Ikabidi tukate chumba na griyaji katikati haraka haraka, na mutu asikudanganye, sungura wawili wasiopaswa kukutana ni fasi mara mbili, ile hesabu yangu yote ya 7 ikavunjika. Veterineri alimuhasi, na akatuambia tungoje wiki sita mbele ya kuwarudisha pamoja juu bado anaweza kutia mimba. Zilikuwa wiki ndefu sana za maisha yetu mu chumba ile. Kama unaanza, hakikisha jinsia mbele, muonyeshe mutu anayejua.

Saa zao njo zinasumbua kidogo. Sungura anaamkaka alfajiri na magaribi, muchana analala, usiku katikati anapumzika. Saa kumi na moja ya asubuhi ni mbio za magari chini ya kitanda. Mudogo anasema sasa hahitaji alarme. Magaribi tunakunja kila kitu, tunafunga mulango, wanapata njia ya katikati yote, na sisi tunakaa juu ya vitanda miguu imekunjwa kama watu wa mafuriko.

Chakula sitaeleza mingi leo, majani makavu kwa wingi na maji saa zote. Avoka hapana hata jani, ni sumu kwao, na ninyi mnajua avoka hapa zinaanguka mpaka ku kichwa. Na Sombe hapewake sombe, ile mbichi iko na sumu, sisi wenyewe tunaitwanga na kuipika masaa.

Noeli ilipita. Mama hakusema kitu, alipika kuku. Ila bado akipita ku mulango anaulizaka, "Nyama zenu ziko salama?" na juzi nilimukuta ameinama anamupa Bugali ganda ya karoti.

Sasa kuko habari mupya. Binamu yetu mudogo anakuja kutoka Uvira kusoma hapa, atalala mu chumba yetu, na Papa alisema mu salon wakati wa chakula kwamba tutamutandikia matela chini. Chini wapi, nilijiuliza, lakini kwa Papa haujibu hivyo hivyo. Nikanyamaza, nikaanza kupima tena mu kichwa, 1,20 kutoa 0,80 ya matela, inabaki njia ya santimetre 40. Ni mudogo ndiye aliongea, hata hakuinua macho ku sahani: "Papa, asilale chini, kuko baridi. Atalala na mimi." Kitanda yake ni santimetre 90, na ile ginsi yake ya kugeuka mnaijua. Jumamosi fundi anarudi kuangalia bulon.