Mchanga ndani ya gunia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la juma hili ni Wagalatia 6:4: "Lakini kila mtu na aipime kazi yake mwenyewe, ndipo atakapokuwa na sababu ya kujisifu ndani ya nafsi yake tu, wala si kwa mwenziwe." Nimekaa nalo tangu Jumatatu. Kwetu Usukumani kazi tunaichezea hadi ngoma, bugobogobo, jembe mkononi, lakini nilipookoka nilidhani kuionea fahari kazi ni kiburi. Kumbe Paulo anaruhusu. Ila anatanguliza sharti: uipime kwanza.

Hapo ndipo aliponishika, maana mimi nilikuwa napima uchovu.

Nimekausha dagaa hapa Igombe, kando ya Ziwa Victoria, tangu wanangu wakiwa wadogo. Mitumbwi ikirudi alfajiri tunanunua dagaa wabichi kwa ndoo, na miaka ile nilikuwa nawamwaga mchangani na kuwatandaza kwa mikono. Jua likipanda nageuza, nafukuza ndege, nafukuza mbuzi, mgongo umeinama hadi saa tisa. Jioni nafagia, napepeta, najaza gunia. Nikifika nyumbani na kusema "leo nimechoka jamani", nilisema kwa raha kabisa. Jirani yangu yeye alianika juu ya chanja, wavu umewambwa kwenye miti usawa wa kiuno, na saa nne alishakaa kivulini anachambua mboga. Moyoni nilimwita mvivu. Naungama mbele zenu.

Siku moja nikapeleka gunia soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza. Mnunuzi hakuniuliza niliamka saa ngapi. Alizamisha mkono hadi kiwiko, akachota dagaa, akawahamishia kiganja cha pili. Mchanga ukabaki kwenye kile cha kwanza. Akatia dagaa mmoja mdomoni, na nikausikia ule mlio menoni mwake. "Mama, hawa ni wa kuku." Akanitajia bei ya chakula cha kuku. Gunia la jirani yangu, dagaa wa mitumbwi ileile, wa usiku uleule, likanunuliwa kwa bei ya chakula cha watu.

Kwenye daladala nilinyamaza njia nzima. Hela iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kuwafikiria waliokwisha kununua magunia yangu ya nyuma, mama anampikia mtoto wake, mtoto anatafuna mchanga, nami huku namshukuru Mungu kwa jasho halali. Wakolosai 3:23 inatuambia lolote tufanyalo tulifanye kwa moyo, kama kwa Bwana. Lile gunia ningempelekea Bwana?

Nilimwendea jirani yangu nikamwomba msamaha, kisha nikamwomba anifundishe. Alinionyesha kwamba juu ya chanja hewa inapita juu na chini, dagaa wanakauka upesi, na wingu likitanda ziwani unavuta turubai unawafunika palepale. Wala si mteremko. Kutafuta miti, kupigilia misumari na kuwamba wavu kulinila siku kadhaa. Na ule muda niliokuwa nautumia kupepeta, sasa nautumia kuwaosha na kuwachambua kabla hawajapanda chanjani. Bado nachoka. Lakini jioni nikishika dagaa mkavu, anang'aa kama fedha, nafurahi, na furaha hiyo haihitaji jirani awe mvivu.

Sisi wa ziwani tuna haki ya kuisoma Luka 5 polepole. Simoni anasema, "Bwana mkubwa, tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu." Nani hapa hajaiona asubuhi ya namna hiyo, mtumbwi mtupu na mafuta yameisha? Lakini tazameni Yesu aliwakuta wakifanya nini: wanaosha nyavu. Usiku haukuwapa hata samaki mmoja, na bado hawakuacha chombo cha kazi kichafu. Napenda sana mstari huo, ingawa wahubiri wengi huuruka ili wawahi muujiza.

Kisha Yesu anasema, "Tweka mpaka kilindini." Hakuwakemea kwamba hawakujituma. Nyavu ni zilezile na mikono ni ileile. Alichowapa ni mahali pa kuzishusha. Na Simoni alikuwa na hoja tayari ya kukataa, nayo ni uchovu wake. Aliutaja, hakuuficha, halafu akauweka kando: "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Mimi nilikaa miaka na chanja ya jirani hatua kumi kutoka kwangu, nikashindwa kusema ile "lakini".

Simdharau anayebeba magunia pale Mwaloni kwa sababu hana njia nyingine. Bwana anauona mgongo wake. Nasema na sisi ambao njia tunayo, nasi tumeing'ang'ania ile ngumu kwa kuwa inatupa sifa.

Juma hili ni mbalamwezi, taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi imelala ufukweni. Vijana wamekaa chini ya mwembe wanashona nyavu, tundu kwa tundu. Mbalamwezi ikiisha na usiku ukawa wa giza tena, watarudi ziwani. Tuwakumbuke kwa majina katika maombi ya Jumatano.