Siriali Peke Yake Haitoshi: Kukagua Gemu za Mkononi na Kaseti Zake

Ukisimama kwenye meza ya mtumba Mwembe Tayari au Kongowea, Mombasa, ukashika Game Boy, DS au Switch, muuzaji hakosi kukwambia: "Kaka, hii orijino, siriali si hiyo hapo nyuma?" Kweli ipo. Lakini ni stika, na stika hubanduka. Stika za nyuma za Game Boy zinauzwa mtandaoni kama zinavyouzwa kava na vioo, na fundi akibadilisha kava hubandika ile aliyo nayo mkononi. Kwa hiyo namba ya nyuma ni dai tu. Huanza kuwa ushahidi inapokubaliana na namba nyingine iliyo mahali ambapo muuza feki hajisumbui kufika: kwenye mipangilio, juu ya bodi, au ndani ya chipu.

Simu ukiibonyeza *#06# inajitaja yenyewe. Gemu hizi za mkononi hazina IMEI, ile namba ya pekee ya kila simu, na hakuna mahali pa umma pa kuingiza siriali ya Nintendo ukaambiwa mwenyewe ni nani au kama imeibwa. Kazi ni yako, hapo hapo mezani.

Anza na modeli kabla ya siriali. Stika ina namba mbili na watu huzichanganya kila siku. Ya modeli ni ya aina nzima, ya siriali ni ya kifaa hicho kimoja. Kwa Nintendo, DMG-01 ni Game Boy ya kwanza ya 1989, MGB-001 ni Pocket, CGB-001 ni Color, AGB-001 ni Advance, AGS-001 na AGS-101 ni Advance SP, ile ya kukunja, USG-001 ni DS Lite, CTR-001 ni 3DS, HAC-001 ni Switch. Siriali nayo ina herufi zake za mwanzo: Color huanza na C, Advance na A, SP na X, DS Lite na U. Ukiona SP yenye siriali inayoanza na U, hiyo stika ina kwao kwingine.

SP ndiyo inayodanganyia watu zaidi, kwa sababu modeli mbili zinafanana umbo na bei hazifanani. AGS-001 ya 2003 ina taa inayomulika kioo kwa mbele, picha imepauka. AGS-101 ya 2005 ina taa ya nyuma, rangi zinang'aa, na ndiyo watu wanaitafuta. Sasa chukua SP iliyoandikwa AGS-101, iwashe, ubonyeze kile kitufe kidogo cha taa kilicho chini ya bawaba. Taa ikizimika kabisa ukabaki unaona picha kwa mbali tu, umeshika 001 iliyovishwa stika ya 101. Ya 101 halisi haizimi taa. Inashuka kutoka mwanga mkali hadi mwanga mdogo, basi. Kipimo hiki huharibika kama kioo kimebadilishwa na vile vipya vya IPS, ambavyo vina ngazi nyingi za mwanga. Hapo inabidi kufungua: bodi ya 001 imechapwa AGS-CPU, ya 101 imechapwa AGT-CPU. Bodi haina stika ya kubandua.

Kufungua kunataka bisibisi ya mabawa matatu, ile yenye alama kama herufi Y. Usilazimishe kwa bisibisi bapa. Kwa hewa yetu ya chumvi skrubu nyingi zimeshaanza kutu, na kichwa kikilika umenunua tatizo. Kaseti za Game Boy ya zamani zinataka kichwa kingine kabisa, cha milimita 3.8, kinachoshika skrubu kwa nje. Za Advance zinarudi kwenye yale mabawa matatu.

Kwenye 3DS, herufi za siriali zina uzito kuliko kwingine kote. Game Boy zote na Advance hazina kizuizi cha eneo, kaseti ya Japani inaingia kwenye mashine ya Marekani bila neno. 3DS inacho. Siriali inayoanza na CW ni ya Marekani, CE ni ya Ulaya, CJ ni ya Japani. Ukinunua ya CJ kwa sababu ni safi na bei imeshuka, utapata menyu ya Kijapani pekee, na kaseti za Ulaya hazitasoma. Usitegemee kununua gemu kwa intaneti pia. Duka la 3DS liliacha kuuza tarehe 27 Machi 2023. Halafu angalia chaja. Ya Japani imeandikwa volti 100, ya Marekani 120. Umeme wetu ni 240. Chaja hiyo ukiichomeka ukutani bila kibadilisha umeme inaungua, na mara nyingi muuzaji anakupa kwa moyo safi kabisa, "chaja yake hii hapa, original."

Switch ndiyo rahisi kukagua, na ndiyo watu wanaikagua vibaya. Siriali yake iko ukingo wa chini, karibu na tundu la chaji: herufi tatu na tarakimu kumi na moja. Washa, ingia mipangilio ya mfumo, teremka hadi sehemu ya mfumo, fungua ukurasa wa namba za siriali. Sasa soma zote mbili kwa sauti, moja kwenye kioo na moja kwenye ukingo, tarakimu kwa tarakimu. Kama kuna boksi, soma na ya boksi. Zikitofautiana, kava au bodi moja imetoka kwenye mashine nyingine. Huenda ni ukarabati wa halali, lakini bei ishuke na maelezo yatolewe.

Kama kioo kinaonyesha XAW na sufuri tupu baada yake, rudisha mashine mezani. Siriali ya kweli haiwi hivyo. Hizo sufuri huachwa na programu ya kuficha utambulisho wa mashine iliyochokonolewa, na huwa inafichwa kwa kuogopa kufungiwa na Nintendo au kwa sababu imeshafungiwa. Kufungiwa kwenyewe hakuonekani kwenye siriali hata ukiitazama mpaka kesho. Washa mtandao wa simu yako, iunganishe, fungua duka la Nintendo. Ukipata kosa namba 2124-4007, mashine hiyo imezuiwa huduma za mtandaoni. Mabando ya MB chache yatakuokolea maelfu.

Herufi za Switch pia zinataja toleo. XAW na XAJ ni za HAC-001 ya 2017. XKW ni ya HAC-001(-01) ya 2019, ambayo Nintendo wenyewe wanaihesabia betri ya saa 4.5 hadi 9, wakati ya kwanza ni saa 2.5 hadi 6.5. XJW ni Lite, XTW ni OLED. Ukiambiwa "hii ni ile ya betri ndefu" na siriali inaanza na XAW, jibu unalo.

Kwa PSP ya Sony sitakaa sana. Fungua mfuniko wa betri usome stika ya ndani. Tarakimu ya mwisho ya modeli inataja soko: 1001, 2001 na 3001 ni za Marekani, zinazoishia na 3 ni za Uingereza, 4 za Ulaya, 6 za Hong Kong na Singapore, 0 za Japani. Gemu zake hazina kizuizi cha eneo kwa hiyo hilo lisikunyime usingizi. Tazama betri zaidi. Ya PSP-1000 halisi ni mAh 1800, ya 2000 na 3000 ni mAh 1200. Betri ya umbo hilo hilo iliyoandikwa 3600 inakudanganya waziwazi, na mara nyingi ndiyo inayovimba na kusukuma mfuniko.

Twende kwenye kaseti, maana huko ndiko feki zilikojaa.

Kwanza tuondoe kosa moja. Ile namba iliyochapwa mbele ya kaseti ya Game Boy, Advance au DS si siriali. Ni namba ya gemu, na kaseti zote za gemu hiyo kwa soko hilo zinayo hiyo hiyo. Haiwezi kukwambia kaseti hii iliibwa au ilikuwa ya nani. Inachoweza ni kukwambia kama lebo inaendana na kilicho ndani.

Chukua Pokémon Emerald ya Advance, kwa kuwa ni mojawapo ya zinazonakiliwa mno. Lebo ya soko la Marekani inasomeka AGB-BPEE-USA. AGB ni mashine. BPEE ni gemu, na herufi yake ya nne inataja soko au lugha: E Marekani, P Ulaya, J Japani, D Kijerumani, F Kifaransa. Kwa hiyo lebo ikisema BPEE halafu ikamalizia JPN, imetungwa na mtu asiyejua alichokuwa anakinakili. Baadhi ya feki huanguka hapo hapo, kabla hujatoa chombo chochote mfukoni.

Ikipita, ipeleke kwenye mwanga wa dirisha na uiinamishe. Kaseti halisi ina tarakimu mbili zilizogongwa kwenye lebo, wakati mwingine na herufi pembeni, kama alama ya kucha juu ya karatasi. Hazina wino, zimebonyea tu. Feki nyingi hazina. Plastiki ya Emerald ni ya kijani inayopenyeza mwanga, siyo kijani cha ndoo. Halafu igeuze uchungulie kwenye mdomo wake kwa tochi ya simu: juu kidogo ya yale meno ya shaba, bodi halisi ina neno Nintendo. Ukiona bodi tupu isiyo na jina, simama hapo.

Ukiruhusiwa kuifungua, chipu ya gemu inapaswa kuwa na maandishi yenye zile herufi nne, BPEE. Tone la gundi nyeusi mahali pa chipu kwenye kaseti ya Advance ni dalili nzito ya feki. Betri iwe imechomelewa kwa risasi kwa vibati vyake, siyo kushikwa na gundi.

Betri hiyo ina somo lake. Kwenye Emerald halisi inaendesha saa ya ndani tu. Mchezo uliohifadhiwa unakaa kwenye chipu isiyohitaji umeme. Kaseti ya miaka hiyo ikikwambia ukiiwasha kwamba betri imekwisha lakini gemu bado inachezeka, na mchezo uliohifadhiwa ukaukuta upo, hiyo ni tabia ya kaseti halisi iliyozeeka. Feki nyingi huhifadhi mchezo kwenye kumbukumbu inayolishwa na betri ile ile. Betri ikifa, wiki zako za kucheza zimekwenda. Ndiyo maana "nilihifadhi jana leo haipo" ni dalili nzito kuliko lebo. Lakini usitumie kipimo hiki kwa FireRed na LeafGreen, hizo hazina betri kabisa.

Na usikubali ile hoja ya "lakini si imewaka?" Game Boy inapowashwa husoma nembo ya Nintendo kutoka kwenye kaseti, baiti 48, ikailinganisha na iliyonayo. Mwenye kunakili hunakili na nembo. Nembo ikiharibika au ikija kama mstari mweusi, tatizo kwa kawaida ni meno machafu: kijiti cha pamba, spiriti ya duka la dawa, subiri ikauke, jaribu tena.

Kipimo cha mwisho ni kusoma chipu yenyewe. Kifaa kidogo kama GBxCart RW, kikiunganishwa na kompyuta yenye programu ya FlashGBX, kinaonyesha zile herufi nne zilizoandikwa ndani ya gemu, ukubwa, na kama data ni sahihi. Emerald iwe megabaiti 16. Lebo ikisema BPEE na ndani kukasomeka BPRE, umeuziwa FireRed iliyovaa kanzu ya kijani.

Kaseti za DS ni ndogo lakini zina zawadi: nyuma kuna msimbo unaoanza na herufi zile zile nne za mbele. HeartGold ikiwa NTR-IPKE-USA mbele, nyuma ianze na IPKE. Hiyo I ya kwanza inataja gemu zenye mwanga wa infraredi, na plastiki yake ni nyeusi, si ya kijivu kama ya DS nyingine. HeartGold ya kijivu ni feki kabla hujaichomeka.

Sasa stika zilizofutika, maana Mombasa joto, jasho na jua la dirishani huzila. Namba isiyosomeka haimaanishi feki. Mimi ningeogopa zaidi stika mpya inayong'aa juu ya kava lililochubuka pande zote. Ya kufifia ipige picha huku tochi ikimulika kwa ubavu, kisha uongeze utofauti wa rangi kwenye simu. Spiriti usiiguse huko, inaondoka na wino. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Ukinunua kwa mtu wa mtandaoni, atakutumia picha amefunika tarakimu tatu za mwisho. Ana haki, siriali ya mtu hutumiwa kudai waranti kwa ulaghai. Mwombe picha nyingine yenye kipande cha karatasi kilichoandikwa tarehe ya leo kando ya mashine. Mkikutana, andikianeni modeli, siriali yote na namba ya kitambulisho, maana ukiibiwa kesho, hiyo siriali ndiyo utakayoiandikisha kwenye OB, daftari la matukio la polisi. Na zile tarakimu tatu uzisome kwa macho yako, ukingoni na kwenye kioo, kabla ya kuingiza PIN ya M-Pesa.