Nilivyopata vifuko vya polima kwa kuongeza maji tone kwa tone

Nilichotaka ni vifuko: vijiputo vya polima (molekuli ndefu kama minyororo) vyenye upana wa nanomita mia hivi, ukuta mwembamba na maji ndani. Polima niliyokuwa nayo ina vipande viwili vilivyoungwa ncha kwa ncha: polistirini, inayokimbia maji, na asidi ya poliakriliki, inayoyapenda. Polistirini ni ndefu mara kadhaa kuliko mwenzake. Mwaka 1995 Lifeng Zhang na Adi Eisenberg wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha kwamba polima za ukoo huu hujipanga zenyewe kuwa matufe, fimbo au vifuko.

Ukiitia kavu kwenye maji, haijipangi chochote. Polistirini ni ngumu kama kioo hadi karibu nyuzi 100 za Selsiasi, kwa hiyo minyororo yake haina pa kusogea. Lazima uanzie kwenye kiyeyushi kinachovikubali vipande vyote viwili. Nilitumia dioksani (ndani ya kabati la kufyonza hewa, si kitu cha kuvuta puani), polima asilimia 1 kwa uzito, ikakorogwa usiku kucha hadi ikawa angavu.

Kilichobaki ni maji, na humo ndimo kazi yote ilimo. Kwa gramu 10 za mchanganyiko niliingiza asilimia 0.2 ya uzito kila dakika, yaani miligramu 20, kama tone moja kwa dakika mbili na nusu. Kufika asilimia 30 ya maji unahitaji gramu 4.3 na zaidi ya saa tatu na nusu. Kazi hiyo niliiachia bomba la sindano linalosukumwa na mota.

Kwa muda huoni kitu. Kisha, ukiiweka chupa mbele ya kitambaa cheusi na kuimulika ubavuni, unaona samawati hafifu ndani yake. Polistirini imeshindwa kuvumilia maji na imeanza kujikusanya. Chembe bado ni ndogo kuliko mawimbi ya mwanga, kwa hiyo zinatawanya zaidi mwanga wa mawimbi mafupi. Maji yakizidi, samawati inafifia na weupe wa maziwa unachukua nafasi.

Za kwanza kuzaliwa huwa matufe. Kadiri maji yanavyoongezeka, polistirini inazidi kuchukia kugusana na kimiminika, basi chembe zinakua ili eneo la mgusano lipungue. Lakini tufe likinenepa, minyororo inalazimika kujinyoosha ili ifike katikati, na minyororo haipendi kunyooshwa. Fimbo inaipa nafuu, ukuta wa kifuko unaipa nafuu zaidi. Polima ni ileile, joto ni lilelile, maji tu ndiyo yameongezeka. Mimi hili bado linanishangaza kuliko picha zozote.

Nikifika kiwango ninachokitaka, ninachota sehemu na kuimimina kwenye maji mengi, kama mara kumi ya ujazo wake, yakiwa yanakorogwa kwa nguvu. Dioksani inapungua ghafla, polistirini inakakamaa, umbo linabaki lilivyokuwa sekunde ile. Dioksani iliyosalia naiondoa kwa mfuko wa dayalisisi, wenye vitundu vidogo vinavyopitisha dioksani na kuzuia vifuko, nikibadilisha maji ya nje mara kwa mara.

Kipimo cha leza hutoa ukubwa, ila kinapendelea chembe kubwa: chembe ya nanomita 100 hutawanya mwanga mara milioni moja zaidi ya ile ya nanomita 10, hivyo chembe chache za vumbi zinatosha kuharibu jibu. Umbo nalo hakikuambii, na wastani wake hauna maana kukiwa na fimbo. Ushahidi niliupata kwenye hadubini ya elektroni: duara zenye ukingo mweusi na katikati iliyopauka, kwa kuwa pembeni elektroni zinapita kwenye ukuta mrefu zaidi. Tufe lililojaa lingekuwa jeusi zaidi katikati.

Chumvi kidogo ya kawaida ilinisaidia kuvipata vifuko mapema, kwenye maji machache zaidi. Sodiamu huzima sehemu ya msukumano wa chaji kati ya minyororo ya poliakriliki, nayo inakubali kubanana. Sodiamu haidroksidi hufanya kinyume: inaongeza chaji, minyororo inasukumana, na polima hiyohiyo inabaki kwenye matufe.