Chuma kinachoiba nafasi ya lutesiamu

Lutesiamu-177 ni metali ya mionzi inayofungwa kwenye peptidi (kipande kidogo cha protini) ili kutibu saratani. Gigabekereli 1 (kipimo cha mionzi) ya lutesiamu-177 safi ni robo tu ya mikrogramu, yaani nanomoli 1.4. Sasa tengeneza bafa, yaani mmumunyo unaotuliza pH, kwa maji yenye miligramu 0.3 za chuma kwa lita: kila mililita ina nanomoli 5 za chuma. Ukiweka katika mililita moja nanomoli 10 za peptidi yenye DOTA, pete ya kemikali inayoshika metali, nusu ya nafasi inaweza kuliwa na chuma. Zinki na shaba nazo hugombania humo humo.

Kuchagua pete si kazi ngumu sana. NOTA ni ndogo, inaibana vizuri galiamu-68, metali nyingine ya mionzi inayopungua nusu kila dakika 68. DOTA inaitosha lutesiamu. Aktiniamu-225, nayo ya mionzi, ni nene kwa DOTA. Macropa, yenye pete ya atomu 18, huishika hata bila kupashwa moto. Kazi ngumu ni usafi.

Maji ya Arusha yaliyopita kwenye chujio la mifupa ili kupunguza floridi ni ya kunywa, si ya maabara. Tumia maji yaliyoondolewa ayoni. Loweka mirija ya plastiki usiku kucha kwenye asidi ya naitriki iliyozimuliwa, kisha suuza. Chumvi ya bafa usiichote kwa kijiko cha chuma. Wala usitumbukize kipima pH ndani ya mchanganyiko. Dondoshea tone kwenye karatasi ya pH. Lenga 5 hadi 5.5. Ikishuka mno, haidrojeni hung'ang'ania mikono ya DOTA. Ikipanda mno, lutesiamu hugeuka haidroksidi.

Ili DOTA iishike lutesiamu, maelekezo mengi husema nyuzi 95 kwa dakika 30. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na maji huchemka karibu nyuzi hizo hizo, kwa hiyo sufuria ya maji itakuwa inatokota na kurusha mvuke juu ya vifuniko. Tumia kipasha joto kikavu chenye matundu, ufunge mirija barabara.

Kabla ya kuomba kibali cha TAEC (Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania) cha kushika mionzi, fanya mazoezi kwa lutesiamu ya kawaida, isiyo na mionzi, na rangi ya arsenazo III. Ikiwa peke yake ni ya waridi-zambarau. Ikikuta lutesiamu huru hugeuka buluu-kijani. DOTA ikishaishika yote, waridi hubaki. Rangi ikibadilika japo DOTA ilizidi, usikimbilie kuongeza peptidi, ambayo ni ghali. Rudia kwa maji mapya kwanza.