Nilivyofika uwanja wa jeshi mara ya kwanza na kidege cha injini moja

Simu niliyopiga kambini ilichukua dakika 35, na nilipokata nilikuwa nimejaza kurasa 2 za maandishi na ruhusa bado sina. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, kumpeleka fundi mmoja na masanduku ya vipuri vya mashine ya eksirei kwenye hospitali iliyo ndani ya kambi, kidege chetu Cessna 182, kwenda saa 1 na dakika 40, tunashusha mzigo, tunarudi. Nimerusha ndege miaka mingi lakini viwanja vya jeshi nilikuwa navipita kwa mbali tu, naona mipaka yake kwenye ramani na ile herufi na namba yake, nazunguka, basi.

Afande aliyepokea simu alikuwa mstaarabu ila hana haraka hata kidogo. Alitaka namba ya usajili wa ndege, uzito, majina ya wote waliomo kama yalivyo kwenye vitambulisho, leseni yangu, karatasi ya bima yenye kiwango wanachokitaka wao, na fomu ya kusaini kwamba ndege ikiharibika pale sitalidai jeshi. Hiyo ndo PPR yenyewe, ruhusa inayoombwa kabla hujaondoka kwako, na ukipewa unapewa na namba yake ambayo mnara wa kuongozea ndege watakuuliza ukiwa bado uko mbali. Mwanzoni niliona ni usumbufu mtupu. Nikaja kuelewa baadaye kwamba ile namba maana yake ni kwamba mtu wa getini, mtu wa rada, wa zimamoto na yule askari mwenye bunduki pale maegesho wote wameshaambiwa kidege cha rangi fulani kinakuja saa fulani, kwa hiyo akiwepo hata mmoja kati yao asiyekujua hapo bado hujaruhusiwa.

Halafu akaniuliza natumia mafuta gani. Nikasema avgas, ile petroli ya ndege ndogo. Akasema hapa tuna mafuta ya jeti tu. Hilo peke yake lilibadilisha safari nzima, manake injini ya pistoni kama yangu ukiitilia mafuta ya jeti umeiua, kwa hiyo ilibidi niondoke na mafuta ya kwenda, ya kurudi, ya akiba na ya kuzunguka mvua, na uzito ukishahesabu hivo hauna huruma, sanduku moja kati ya matatu likabaki. Fundi hakufurahi. Nilimwonyesha hesabu kwenye karatasi akaelewa.

Kosa langu lilikuwa la saa na nalisema kwa sababu najua siko peke yangu. Kwenye fomu kuna kisanduku cha muda wa kufika, nikaandika saa za huku kwetu chini, wakati kisanduku kinataka saa za Zulu, yaani UTC, saa moja ya dunia nzima wanayotumia marubani. Tofauti ni masaa 2. Jioni ya siku moja kabla nikapiga simu tena, sio kwamba nilishtukia kitu, ni mazoea tu ya kusomeana kila kitu kwa sauti, afande akasoma muda, mie nikasoma wa kwangu, tukanyamaza wote. Wao walikuwa wananitegemea masaa 2 baada ya muda ambao mimi ningekuwa tayari naomba kuingia, na muda huo niliopanga mimi ndo muda ambao ndege zao za kivita zingekuwa zinarudi kwenye mazoezi, zinaingia juu ya uwanja kwa kasi halafu zinakata kona kali moja baada ya nyingine. Nikabadilisha muda, nikapewa namba mpya, nikaikata ile ya zamani kwa mistari miwili nisije nikaisoma hewani kwa bahati mbaya.

Sasa kuna mzee mmoja, kapteni mstaafu, karusha ndege za mizigo maisha yake yote, huwa tunakaa naye marubani kama watano sita hivi tukimaliza kazi na yeye ndo mwenye hadithi. Nilipomwambia naenda wapi hakuniuliza habari za ruhusa, alianza na waya. Akasema sikiliza, kwenye ranwei za jeshi kuna nyaya nene za chuma zimelala kukatiza njia, ndege ya kivita ikifeli breki inashusha ndoano nyuma inaunasa inasimama, na waya ule haulali chini kabisa, unainuliwa kidogo na vipande vya mpira ili ndoano iupate. Kwa ndege kubwa ni kama tuta dogo. Kwa kidege chenye gurudumu dogo la mbele na propela karibu na lami ni habari nyingine. Uliza uko mita ngapi kutoka mwanzo wa ranwei, akasema, uliza kama umeinuliwa, utue ukishaupita, na ukilazimika kuupita ukiwa unataksi, yaani unatembea chini, upite polepole kama unapita juu ya mtu aliyelala.

Jioni ile kila mtu alitoa ya kwake. Mmoja akaleta ya ile Boeing 747 ya mizigo, wanaiita Dreamlifter, Novemba 2013 usiku ilikuwa inaenda kituo cha jeshi la anga cha McConnell pale Wichita huko Kansas ikatua uwanja mdogo wa Jabara, ranwei futi 6,100 hivi wakati McConnell ni kama futi 12,000, na sababu ni kwamba eneo lile viwanja ni vingi na ranwei zake zinaelekea upande mmoja, jicho likiona taa linaridhika. Nilitoka kwenye ile hadithi na kazi, manake na mimi nilipoangalia ramani nikakuta kuna uwanja wa kiraia maili 7 kabla ya kambi na ranwei yake inaelekea karibu sawasawa na ile ya jeshi. Nikauchora duara jekundu.

Mzee mwenyewe alimaliza na ya Korean Air Lines 007. Hiyo huwa haisimulii kwa sauti ya kawaida. Tarehe 1 Septemba 1983, inatoka Anchorage inaenda Seoul, uchunguzi wa 1993 wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ulionyesha ndege ilikuwa inafuata mwelekeo wa dira badala ya mitambo yake ya kuongozea njia, wakasogea taratibu mpaka wakaingia anga la Usovieti bila kujua, ikatunguliwa karibu na Sakhalin, watu 269 hakubaki hata mmoja. Mwaka uliofuata nchi zikakutana Montreal zikaongeza kifungu cha 3 bis kwenye Mkataba wa Chicago, ule wa usafiri wa anga wa kiraia, kwamba nchi zijizuie kutumia silaha dhidi ya ndege za kiraia zikiwa angani. Alikuwa kijana wakati ule na alikuwa anarusha njia ndefu kama zile. Alituambia toka siku hiyo hajawahi kuiamini sindano moja bila kuiuliza nyingine. Kabla hatujaachana akanirudisha darasani kwenye ishara za kuzuiwa, ndege ya kivita ikija mbele kushoto kwako, juu kidogo, ikatikisa mabawa, na wewe tikisa, ikikata kona taratibu ifuate, fungua 121.5, masafa ya dharura, useme wewe ni nani, ikichomoka ghafla ikipanda bila kukatiza mbele yako umeachiwa uende. Nilizijua za mtihani. Yeye alinifanya nizitamke nikiwa nimefumba macho.

Siku ya safari asubuhi ilikuwa safi, nusu ya njia hatukuwa na neno, halafu upande wa kusini ambako ndiko nilikopanga kupita mawingu ya radi yakaanza kujijenga, na kaskazini yangu kuna eneo lililozuiwa, wanafanyia mazoezi ya mizinga. Kwa hiyo dhoruba inanisukuma kushoto na mpaka uko kushoto. Nikaita rada, nikasema mapema kabisa, hali ya hewa mbele, naomba kukata kona ya kusini ya lile eneo kwa maili 5 tu. Jibu likaja: subiri.

Hapa ndo nataka kukaa kidogo. Subiri sio ndiyo. Najua hilo kama ninavyojua jina langu, lakini ukiwa mle ndani, wingu jeusi kulia, fundi anakuangalia, sauti ya redio haina ukali wowote, akili inaanza kukushawishi kwamba wameshakuona, wameshajua unakuja, si ni dakika mbili tu. Mpaka ulikuwa maili 4. Ikawa 3. Nikageuza. Nikakata kona ya kulia nyuzi 180 nikarudi nilikotoka nikaanza kuzunguka pale kwenye hewa safi, nikawaambia nazunguka nje ya mpaka. Kama dakika 6 baadaye akarudi akasema eneo liko hai kutoka ardhini mpaka futi 15,000, wanapiga, haliwezekani, lakini nyuma ya dhoruba kuna mwanya maili 20 kusini na yeye atanipitisha. Wanapiga. Nililiangalia lile neno kwa muda mrefu kichwani. Akanipa mielekeo mmoja baada ya mwingine tukapita kule, tukachelewa dakika 25, na yale mafuta niliyoyabeba kwa kuliacha sanduku ndo yaliyolipia ule mzunguko.

Kufika karibu na kambi wingu lilikuwa limeshuka mpaka futi 600 juu ya uwanja. Nina leseni ya kuruka kwa vyombo bila kuona nje kwa hiyo sikuogopa wingu, ila pale hakuna ILS, ile mitambo ya redio inayokuonyesha njia ya kushukia, wana PAR, na mie PAR nilikuwa naijua kwa kusoma. Ni hivi, mtu anakaa chini na rada yenye picha mbili, moja inaonyesha uko kushoto au kulia, nyingine uko juu au chini ya mteremko, na anakuteremsha kwa mdomo wake. Huhitaji mtambo wowote zaidi ya redio. Akaniuliza namba ya ruhusa, nikasoma. Akanipa mgandamizo wa hewa na akasema wazi ni QFE, yaani altimita, kipimo cha urefu, isome sifuri ukigusa. Nikarudia neno kwa neno, nikamuuliza tena, kwa sababu uwanja uko futi 900 juu ya usawa wa bahari na mimi nimezoea QNH, inayosoma urefu kutoka usawa wa bahari, na ukiwa na QNH kwenye altimita huku kichwani umeshika QFE utakuwa unaamini una futi 900 chini yako wakati magurudumu yanagusa nyasi. Akathibitisha bila kukereka.

Halafu akasema usijibu tena maelekezo mpaka niseme, na usiponisikia kwa sekunde 5 panda.

Akaanza. Uko kwenye mstari. Uko kwenye mteremko. Kulia kidogo ya mstari, geuka kushoto nyuzi 2. Unarudi. Juu kidogo ya mteremko. Sauti haikupanda wala kushuka, haikuacha nafasi hata ya kupumua, mkono wangu ukawa kama umefungwa na kamba kwenye ile sauti, kasi noti 90 (maili za baharini kwa saa), nashuka kati ya futi 450 na 500 kwa dakika, nje ni weupe mtupu. Katikati akasema hakiki magurudumu, ya kwangu hayakunjwi lakini wao wanamuuliza kila mtu, nikajibu magurudumu chini. Akaniambia waya uko mita 400 kutoka mwanzo wa ranwei, umeinuliwa, tua ukishaupita. Kabla sijauliza! Futi 550 weupe ukapasuka na ranwei ikawa palepale ilipotakiwa kuwa, pana kuliko yoyote niliyowahi kutua, nikaushikilia mdege mpaka nikaona ule mstari mweusi na duara zake za njano pembeni unapita chini yangu, ndo nikaugusisha.

Gari la kuongoza lilikuwa linasubiri. Nikazima injini pale alipoonyesha askari, mikono juu ya dashibodi, simu zetu zote mbili ndani ya begi kama tulivyoagizwa, akaja askari mwingine na karatasi akalinganisha namba ya mkiani, namba ya ruhusa, sura zetu. Nayo ilikuwa karatasi yenye saa sahihi. Fundi akachukuliwa na masanduku yake mawili.

Nikaomba kama naweza kumsalimia aliyeniteremsha. Walisita, wakapiga simu, akaja, kijana mdogo sana, nadhani hajafika hata miaka 25. Nikamshika mkono nikamwambia asante afande. Akasema leo wewe ni wa kwanza, hizi za mazoezi tunafanya kila siku na hewa safi, ya kweli kama hii ni mara chache, na akaniuliza kama pale alipoongeza nyuzi 2 nilizihisi au la. Alitaka kujua kweli. Tulisimama chini ya bawa tukaongea hiyo kona ya nyuzi 2 mpaka wakamwita.

Usiku nilimpigia mzee. Hakuniuliza wingu wala mizinga, alitaka kujua waya niliupita juu futi ngapi. Nikamwambia 15, labda 20. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema Ijumaa uwahi kuja, utaanza wewe.