Joto la Kanada, Nikilitazama Kutoka Mwanza
Mwaka 2020, maji ya Ziwa Viktoria yalipopanda na kuingia katika nyumba za majirani zetu wa ufukweni, nilianza kufuatilia mabadiliko ya tabianchi kwingineko, na nchi iliyonigusa zaidi ni Kanada, ambayo inapata joto kwa kasi inayokaribia mara mbili ya wastani wa dunia. Madhara yake hayafanani. Kaskazini, ambako kasi hiyo ni kubwa zaidi, ardhi iliyoganda kwa maelfu ya miaka inayeyuka, na huko Tuktoyaktuk, kijiji cha pwani ya Bahari ya Aktiki, bahari inaimega pwani hadi baadhi ya nyumba zimelazimika kuhamishwa. Wawindaji wa Kiinuit, wenyeji wa asili wa kaskazini hiyo, ambao barafu ya bahari ndiyo barabara yao, hawawezi tena kuiamini kama wazee wao walivyoiamini. Mvuvi wa dagaa wa hapa kwetu, naamini, ataielewa hofu hiyo bila kuelezwa. Magharibi adui ni moto. Tarehe 29 Juni 2021 mji mdogo wa Lytton ulifikia nyuzi joto 49.6, na siku iliyofuata sehemu yake kubwa ikateketea. Mwaka 2023 moto uliunguza zaidi ya hekta milioni 15 nchini humo, eneo linalozidi mara mbili ya ziwa letu lote. Nimesimama Capri Point, ufukweni hapa Mwanza, nikijaribu kuupata ukubwa huo kwa macho, nikashindwa.