Boksi la nini na huu ni moto mdogo tu?

Hili swali naulizwa karibu kila saiti nikitaka kuweka boksi la kukalia waya zinapoungana, fundi hizi waya za kamera na intakomu ya geti si volti 12 tu, boksi la nini sasa? Na mi mwenyewe zamani nilikuwa hivyohivyo, funga tepu tembea.

Kuna nyumba nilifunga kamera Kigamboni, bahari unaisikia ukiwa getini. Ile ya geti jointi yake, pale waya zilipoungana, niliizungushia tepu nyeusi nikaiacha inaning'inia nyuma ya kamera. Hata miezi mitano haikuisha mama mwenye nyumba kanipigia, "Fundi, kamera ya geti inawaka inazima, njoo uangalie baba." Nafungua tepu nakuta maji yametulia humo ndani, konekta imeota kutu ya kijani, halafu waya wa plasi umeliwa umebaki unga, yaani unaugusa unakatika, wa negi upo mzima kabisa. Ndo nikashika somo, moto wa DC, ule kama wa betri, ukikutana na unyevu wa chumvi upande wa plasi unaliwa, hata uwe mdogo vipi. Na tepu yangu ndo ilikuwa inatunza maji!

Kwa hiyo boksi la nje si la kumlinda mtu na shoti, ni la kuilinda jointi.

Ndani ya nyumba sina ugomvi, ukuta mkavu, soketi ya netiweki, hata nyuma pakiwa wazi hamna neno. Marekani wanauza kabisa fremu zisizo na mgongo kwa ajili ya waya hizi na kanuni zao zinaruhusu. Sisi kwenye tofali tunaweka boksi kwa sababu skrubu za soketi zitashika wapi bana.

Ninachogombana nacho ni waya wa intakomu kulala boksi moja na moto wa volti 230, ule wa soketi za nyumba. Wa 230 ukichubuka humo ndani, kile kisimu cha geti anachochezea mtoto nacho kina 230, basi tena. Kila mmoja na boksi lake.

Na huo "mdogo" tuelewane. Laini ya simu ya mezani, ile ya shaba, inakaa kwenye volti 48 hivi, ikiita inapanda mpaka kama 90 za AC, aina ya moto wa soketi. Niliwahi kumenya waya kwa meno na simu ikaita, sitaki kusimulia. Betri ya volti 12 ya mota ya geti nayo haikurushi, ila gusanisha plasi na negi uone waya unavyokuwa mwekundu.

Siku hizi nje natumia boksi la IP65, yaani lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushiwa, waya zinaingia kwa chini, na kabla ya kuingia naukunja waya ushuke kidogo ili maji yadondokee hapo. Silikoni inayonuka kama siki usiipake juu ya shaba, ile asidi yake inakula. Bei ya boksi haifikii bodaboda na pantoni nilizopanda kurudi kwa yule mama mara tatu, na hela ya kurudi si unajua hamna anayekulipa.

Ila ziba matundu yote. Juzi nimefungua moja nililosahau tundu la pembeni, sisimizi wamehamia na mayai yao juu ya konekta, nimewatoa kwa brashi ya rangi huku mwenye nyumba anacheka.